Ujiji, Novemba 10: Nani Alisema?

Kwenye eneo la kumbukumbu la Ujiji, chini ya miembe, kuna mnara wa mawe wenye bamba linalosema kwamba Stanley alimkuta Livingstone mahali hapo Novemba 10, 1871. Ukivuka mpaka na kuingia Burundi, kusini kidogo mwa Bujumbura, kuna jabali pale Mugere lililochongwa majina hayohayo mawili na tarehe nyingine, Novemba 25, 1871, na wapo wanaowaambia wageni kuwa wazungu hao walikutana hapo. Atakayefungua shajara za Livingstone mwenyewe, zilizochapishwa London mwaka 1874 baada ya kifo chake, atakuta ujio wa Stanley umewekwa mwishoni mwa Oktoba.

Jabali la Mugere halisumbui sana. Baada ya kukutana Ujiji, wawili hao walipanda mtumbwi wakaelekea kaskazini kuchunguza kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Waligundua kwamba unaingia, na njiani wakapiga kambi Mugere. Jiwe linasema walifika, basi. Mengine yameongezwa na wasimulizi. Kazi iko kwenye Oktoba na Novemba.

Mwanafunzi wa historia aliyeko Ujiji, mwenye simu na bando la siku, akiandika swali hilo kwenye intaneti atapata jibu kabla hajameza mate: Novemba 10. Atalipata kwenye kurasa mia, na wingi huo utamtia moyo. Kasoro ni kwamba kurasa mia zilizonakiliana bado ni shahidi mmoja. Ukizifuata nyuma moja baada ya nyingine, nyingi zinaishia kwa mtu yuleyule: Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 kueleza alivyompata Livingstone. Humo ameandika kuwa ilikuwa Ijumaa, Novemba 10. Kalenda inamkubalia kwamba Novemba 10 mwaka ule iliangukia Ijumaa. Lakini kalenda haiwezi kuthibitisha kwamba siku ile ndiyo aliyoingia Ujiji, na wote wawili, Stanley na Livingstone, waliugua homa safarini hadi hesabu ya siku ikawapotea.

Suala hili limeshashughulikiwa. Mwaka 1979 François Bontinck, padri Mbelgiji na mwanahistoria aliyefundisha Kinshasa, alichapisha makala nzima kwa Kifaransa kuhusu tarehe hiyo moja tu, katika jarida la kitaaluma la Italia. Makala ya namna hiyo mtu haikuti kwa kuperuzi ovyo. Hukaa ndani ya kanzidata za majarida, na njia ya kawaida ya kuifikia ni maktaba ya chuo kikuu.

Hapo ndipo wengi wa Kigoma hukata tamaa mapema. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jengo lililofunguliwa mwaka 2018 lenye nafasi ya watumiaji 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000, iko mbali: kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina kituo chake mkoani Kigoma, mara nyingi ni mwalimu, muuguzi au mtumishi wa halmashauri. Hana wiki mbili za kwenda Dar kukaa kwenye rafu. Anachofanya ni kwenda steshenari, kununua madesa yaliyotolewa kopi na wenzake wa mwaka jana, na kuandika kutoka humo. Madesa yana faida yake siku ya mtihani. Katika utafiti yanaua, maana hayasemi yalitoka wapi.

Wengi hawajui kwamba ada waliyolipa imeshafungua sehemu kubwa ya mlango. Maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini zina umoja wao, COTUL, unaojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wanachama ili majarida ya kulipia yasomeke kwa bei nafuu au bure. Upo pia mpango wa kimataifa wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya chini ya Shirika la Afya Duniani, ukapanuka kuingia kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Nchi zenye kipato kidogo huingia bila malipo, na Tanzania imo. Makala ambayo mtu wa mtaani angetozwa dola thelathini au zaidi kuisoma, mwanafunzi aliyesajiliwa anaifungua akiwa Mwanga au Katonga, mradi ana akaunti ya maktaba ya chuo chake. Akaunti hiyo hutolewa na mkutubi, si na mhadhiri wala msimamizi wa tasnifu. Wapo wanaohitimu bila kuwahi kuiomba.

Tena mkutubi hakai pale kugonga mihuri kwenye vitabu tu. Kazi aliyosomea ni kutafuta. Ukimwandikia kwamba unataka "kitu kuhusu Ujiji" atakuuliza maswali: Ujiji ya karne gani? Biashara, dini, au afya? Unasoma Kifaransa? Maswali hayo yanaudhi mtu mwenye haraka, lakini ndiyo yanayookoa muda, kwa kuwa kompyuta inatafuta herufi ulizoiandikia wala haijui ulichokusudia.

Na Ujiji ni mji wenye herufi nyingi. Wajerumani, waliotawala hapa mpaka mwaka 1916, waliandika Udjidji. Kwenye maandishi ya Kifaransa utakuta Oujiji. Tabora, kituo kikuu cha misafara ya kwenda ziwani, kwa mpelelezi Burton na wenzake ni Kazeh, na eneo lake ni Unyanyembe. Tippu Tip yumo kama Tippoo Tib, na kwenye katalogi makini anaweza kuwa chini ya jina lake halisi, Hamed bin Muhammed el Murjebi. Anayetafuta kwa tahajia moja tu ataondoka akiamini kwamba hakuna kilichoandikwa.

Kumbe kipo tele. Mwaka 1973 Beverly Brown aliwasilisha Chuo Kikuu cha Boston tasnifu ya uzamivu juu ya historia ya mji wa Ujiji tangu mwaka 1800 hivi hadi 1914. Norman Bennett aliandika juu ya Mwinyi Kheri, mkubwa wa Ujiji enzi za misafara. Mwaka 2022 chuo kikuu cha Cambridge kilichapisha kitabu cha Philip Gooding kuhusu Ziwa Tanganyika la karne ya 19 kama ukingo wa ulimwengu wa Bahari ya Hindi. Ukipata kimoja tu kati ya hivi, geukia kurasa za mwisho. Orodha ya rejea ya kitabu kizuri ni utafutaji ambao mwenzako ameshaufanya kwa miaka, na ni halali kabisa kuufuata. Kisha fanya kinyume chake: kanzidata nyingi, na hata Google Scholar ya bure, zinaonyesha nani amekitaja kitabu hicho baadaye. Kurudi nyuma kwa rejea na kwenda mbele kwa walionukuu huleta mavuno kuliko kubadilisha maneno ya kutafutia usiku kucha.

Lugha ya chanzo nayo isidharauliwe. Wanafunzi wengi huona aibu kuweka kitabu cha Kiswahili kwenye rejea za utafiti, utadhani usomi ni Kiingereza. Tippu Tip aliacha maisha yake kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode akayachapa mwanzoni mwa karne ya 20, W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mwaka 1974 Bontinck yuleyule wa tarehe akayatafsiri kwa Kifaransa na kuyawekea maelezo. Huyo ni mtu aliyekutana na Livingstone na Stanley kwa macho yake, akasimulia kwa lugha inayosemwa sokoni Ujiji leo. Ni chanzo cha mkono wa kwanza. Alikuwa pia mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kwa hiyo anapoeleza vita vyake asomwe kwa jicho lilelile analosomewa Stanley.

Maana kuwa wa mkono wa kwanza hakumfanyi mtu kuwa mkweli. Ile salamu maarufu ya Stanley, ya kudhani kuwa aliyesimama mbele yake ni Daktari Livingstone, wageni wameirudia Ujiji kwa miaka zaidi ya mia na hamsini. Tim Jeal, aliyeandika wasifu wa Stanley mwaka 2007 baada ya kupekua karatasi zake zilizohifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, alikuta kwamba kurasa za shajara zinazohusu mkutano ule zimechanwa. Livingstone hakuiandika salamu hiyo popote katika shajara yake. Anachokumbuka yeye ni mtumishi wake Susi akija mbio kumpa habari kwamba Mwingereza amefika. Jeal anaona kuwa Stanley aliitunga salamu baadaye. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, lakini unajua alitazama karatasi gani na wapi, na mwingine anaweza kwenda kuzitazama.

Livingstone naye hakuachwa. Kabla hajarudi Ujiji alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ambako Julai 15, 1871 wafanyabiashara wenye bunduki waliwaua watu kwa mamia sokoni. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya gazeti kuukuu la The Standard, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino wa rangi ya mmea. Wino ule ukafifia hadi ukawa hausomeki. Karibu miaka 140 baadaye timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilizipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, herufi zikaibuka, na mwaka 2011 shajara ikawekwa wazi kwa kila mtu bila malipo. Kuilinganisha na kitabu cha mwaka 1874, kilichohaririwa na rafiki yake Horace Waller, kunatoa picha tofauti: mashaka ya Livingstone juu ya mwenendo wa watu wake mwenyewe yalikuwa mazito zaidi kwenye gazeti kuliko kwenye kitabu. Toleo hilo la bure huonekana kwa yeyote, lakini wanaolifikia ni wale walioambiwa kwamba lipo, na mara nyingi aliyewaambia ni mkutubi.

Historia inaweza kuonekana ni anasa. Tuje kwenye dagaa.

Mvuvi wa Kibirizi anajua samaki wamepungua. Kwa nini wamepungua, hilo ni swali la maktaba pia, na ni swali lenye pesa ndani yake: mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti, ili samaki wazaliane. Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya hatua hiyo akiandika "dagaa" kwenye kanzidata atazama. Dagaa wa Kigoma ni Stolothrissa tanganicae na mwenzake Limnothrissa miodon. Dagaa wa Mwanza ni samaki mwingine kabisa, Rastrineobola argentea. Mgebuka ni Lates stappersii. Jina la kisayansi ndilo linalomtenganisha samaki wa ziwa moja na wa lingine, na kwa kuwa halibadiliki kutoka lugha hadi lugha, litaleta pia kilichoandikwa na Warundi, Wakongo na Wazambia wanaochangia ziwa hilohilo.

Akitafuta hivyo atakutana na mabingwa wawili wasiopatana. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba joto la dunia limepunguza uchanganyikaji wa maji ya ziwa. Maji ya juu yanapopata joto huelea, na rutuba iliyoko vilindini, katika ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, haipandi kulisha vijimea ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha dagaa. Walikadiria kuwa uzalishaji wa vijimea hivyo umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo laweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30. Mwaka uleule Piet Verburg na wenzake wakaandika katika jarida la Science mambo yanayoelekea hukohuko. Mwaka 2006 Jouko Sarvala wa Finland, aliyelijua ziwa kutokana na mradi wa utafiti wa FAO na Finland wa miaka ya 1990, akajibu pamoja na wenzake kwamba takwimu za samaki wanaovuliwa zinaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko ya hali ya hewa.

Nani aaminiwe? Wote ni wanasayansi, wote wamepitiwa na wataalamu wenzao kabla ya kuchapishwa. Aliyezoea kutafuta jibu moja atachagua linalomfaa na kulificha lingine. Mtafiti atatazama ushahidi wa kila mmoja: O'Reilly alitegemea tope la chini ya ziwa, ambalo hujilundika tabaka kwa tabaka mwaka hadi mwaka, na vipimo vya joto na upepo. Sarvala alitegemea hesabu za samaki waliovuliwa. Kisha ataenda mbele kuona nani amewanukuu, na atafika mwaka 2016, kwa Andrew Cohen na wenzake, waliochimba tope tena na kukuta mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaingia. Hilo haliwaondolei lawama wenye nyavu haramu. Linaonyesha tu kwamba kufunga ziwa ni jibu la nusu moja ya tatizo, na mwanafunzi wa Kigoma anayeandika hivyo ana mahali pa kusimama atakapoulizwa.

Ripoti za mradi ule wa FAO zinastahili neno moja. Hazikutoka kwenye majarida, zilitolewa kama nyaraka za mradi, nyingi zikiwa na namba tu na jina la mwandishi. Zina vipimo vya ziwa vya miaka ambayo hakuna mwingine aliyekuwa akipima. Kituo cha Kigoma cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ni jirani wa kuanzia kuuliza. Nyaraka za aina hii hupotea kirahisi, na anayefundishwa kuheshimu majarida peke yake huzipita bila kuzitazama.

Tena jina la jarida nalo si kinga. Mwaka 2013 mwandishi wa sayansi John Bohannon alitunga utafiti wa uongo wenye makosa ya wazi, akautuma kwa majarida 304 ya mtandaoni yanayotoza waandishi ada. Majarida 157 yaliukubali. Barua pepe za majarida ya namna hiyo zinawafikia wahadhiri wetu kila siku, zikiahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo, na makala zake zinaishia kwenye matokeo ya utafutaji zikiwa zimevaa vizuri. Mkutubi hukagua mambo machache: je, wahariri wanatajwa kwa majina na vyuo, na je, vyuo hivyo vinawatambua? Je, jarida limeorodheshwa na DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa Sweden mwaka 2003, au liko kwenye AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lenye makao yake Afrika Kusini? Huria, jarida la Chuo Kikuu Huria, limo AJOL, na Kioo cha Lugha cha Dar es Salaam limo.

Mtu mwenye jina kubwa pia anaweza kuteleza. Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na kuifanya Kigoma ijulikane duniani kwa sokwe wanaotumia vijiti kuvua mchwa, alitoa matokeo yake katika Nature mwaka 1964. Hayo yangali yananukuliwa. Lakini kitabu chake cha mimea kilisimamishwa mwaka 2013 kabla hakijatoka, baada ya gazeti la Washington Post kuonyesha kuwa baadhi ya aya zilichukuliwa kwenye tovuti, Wikipedia ikiwemo, bila kutajwa. Aliomba radhi, kikasahihishwa, kikatoka mwaka 2014. Mwandishi ni yuleyule, kwa hiyo kilicholinda kazi ya kwanza ni utaratibu wake: daftari la uwandani, tarehe na wakaguzi.

Sasa kuna akili unde, na wanafunzi wanaiuliza kama wanavyomuuliza kaka aliyetangulia chuo. Ukiiomba rejea kumi kuhusu Ujiji itakupa kumi, zenye waandishi, miaka na namba za kurasa, na baadhi hazijawahi kuwepo duniani. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipeleka mahakamani hukumu zilizobuniwa na programu ya akili unde, jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Dawa yake haina ufundi: kila rejea itafutwe kwenye katalogi, ifunguliwe, na ukurasa uliotajwa usomwe. Isiyopatikana, na mkutubi naye akaikosa, iondolewe.

Kuna mengi ya Ujiji ambayo hayamo kwenye katalogi yoyote. Jamaa za Wamanyema waliohamia kutoka magharibi mwa ziwa, mashamba ya mawese, koo zilizopokea misafara: hayo yako kwa wazee. Maktaba haiyakatai, ila ina masharti yake. Mwanafunzi apate barua ya utafiti ya chuo na kuipitisha ofisi za mkoa na wilaya, amwombe mzee ridhaa kabla ya kuwasha kinasa sauti, aandike tarehe na mahali, aeleze mzee alishuhudia mwenyewe au alisimuliwa na nani, na asitaje jina la asiyetaka kutajwa. Tasnifu ikishapita, huwekwa kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. Mtu wa Bujumbura, Kalemie au Boston ataikuta huko, atasoma orodha ya rejea, na ataanza kuuliza maswali.